Mkia wa Jogoo Kwenye Paa la Mfalme

Jumatatu, 7 Novemba

Yunshu amerudi! Treni ya saa nne asubuhi, begi mgongoni, na sanduku gumu la magurudumu analiburuta kama mbuzi mkaidi. Nikadhani nguo chafu za kufua. Kumbe mashine.

Umbo lake — jungu la umeme la kupikia wali, limepandishwa juu ya miguu mitatu. Basi. Lakini ukiliwasha linajizungusha lenyewe, linatema miale ambayo jicho haliioni, na kila mwale unapogonga kitu linaandika: hapa pana nguzo, hapa pana ukuta, hapa pana pua ya joka. Nukta mamilioni, kufumba na kufumbua! Na anayeliendesha ni mwanangu. Niliyemzaa mimi, niliyeishia darasa la sita.

Ndiyo kazi yake huko Taipei, kupima majengo ya kale. Kapima madaraja, kapima jumba la tajiri mmoja ambaye jina limenitoka. Sasa kaomba likizo aje apime hekalu letu. Hakutumwa na mtu. Wateja wote wa leo wamezipata habari hizi. Wa mwisho nilimweleza mara mbili, akasema, "Mama Yunshu, uji wangu unapoa."

Niandike na sababu, nisije nikasahau nikizeeka. Jumba kuu la hekalu, lililojengwa bibi yangu akiwa kigoli, lilipata ufa kwenye lile tetemeko la ardhi. Bwana Hong, mwenyekiti wetu wa mtaa, anataka livunjwe lijengwe jipya: zege, ghorofa tatu, lifti, maegesho chini. Anasema nguzo zimechoka. Jumapili ya tarehe 20 Mfalme wetu, mungu mwenye hekalu, ataulizwa mwenyewe kwa vibao vya kutupwa. Akikubali jumba la zamani libaki, litabaki. Asipokubali, tingatinga linakuja.

Siku kumi na tatu. Na Yunshu anataka kuonyesha watu kwamba nguzo hazijachoka.

Jumanne, 8 Novemba

Malori ya kampeni tangu saa moja. Spika mbele, spika nyuma. Supu inatikisika bakulini!

Wagombea uenyekiti wa mtaa ni wawili. Namba moja Bwana Hong, anayetetea kiti. Namba mbili Bi Kimlan, muuza ubani, jirani yangu ukuta kwa ukuta na shoga yangu tangu tukiwa na vidazi vya utoto. Wote wawili wameniletea pakiti za tishu zenye sura zao. Ningefanyaje? Tishu za Hong nimeweka meza za kushoto, za Kimlan meza za kulia. Haikuchukua siku mbili, watu wanachagua pa kukaa kwa siasa. Baba Yunshu peke yake, mume wangu huyu asiye na maneno, anajifutia pua kwa wote wawili sawasawa.

Asubuhi walikutana hapa hapa, kibandani, kwenye uji wa samaki wangu wa mwatiko. Mzee Tiau naye alikuwepo, mtunza hekalu, miaka themanini na moja, anakunywa uji wangu tangu hata ulipokuwa wa mama mkwe.

Hong akaanza. Eti vya kale ni vizuri lakini havina lifti. Magoti ya Mzee Tiau je?

Mzee Tiau, bila kuinua kichwa: "Magoti yangu usiyatie kwenye kampeni."

Kimlan akadakia. "Lifti ya kumpeleka Mfalme wapi? Ghorofa ya tatu akahesabu magari?"

"Wewe Kimlan unapenda vya kale kwa sababu hata ubani wako ni wa mwaka juzi!"

Weee! Watu walicheka mpaka mwiba wa samaki ukamkwama mtu. Kimlan naye alicheka. Kidogo.

Niseme haki. Hong si mtu mbaya. Kile kimbunga maji yalipoingia mtaani, ni yeye aliyembeba mama mkwe mgongoni, suruali imelowa mpaka kiunoni. Taa za barabarani ni yeye. Lakini kipya kinyemi, na Hong kikimwingia kipya kichwani, hasikii la mwadhini wala la mteka maji.

Alhamisi, 10 Novemba

 

Jana na leo Yunshu alipima. Mzee Tiau alimfungulia lango saa kumi na mbili asubuhi na kumwekea kigoda. Jungu likazunguka uani, likazunguka ukumbini, likaingizwa mpaka chumba cha ndani anakokaa Mfalme. Kisha juu ya paa akarusha kidege kile cha kamera, droni. Mtaa mzima shingo juu! Nilifunga kibanda saa nne nikaenda kuangalia. Wateja wakasema mbona mapema. Nikawaambia binti yangu anarusha ndege, ninyi kaleni mikate.

Mchana akaniita nyuma ya meza ya kusafishia samaki. Amefungua kompyuta. "Mama, osha mikono, njoo uone."

Hekalu lote mle ndani! Analigeuza kwa kidole kama ninavyogeuza samaki. Anaingia chini ya paa, anatokea juu. Akanipeleka kwenye ukingo wa paa, kwa wale askari na farasi, sanamu zilizoundwa kwa vipande vya bakuli. Tangu nizaliwe nawaona kwa chini, wadogo kama panzi. Leo nimewaona nyusi.

Baba yangu alikuwa kibarua wa fundi aliyewatengeneza upya, nikiwa na miaka sita. Kazi yake kuvunja bakuli na kuzikata kwa koleo. Bakuli nyekundu, koti. Ya kijani, mawimbi. Na siku moja rangi nyeusi iliwaishia, kazi imebaki kidogo, duka limefungwa. Baba akarudi nyumbani akachukua bakuli langu la wali. Lile la jogoo! Jogoo mwekundu, mkia mweusi wenye buluu. Nililia siku tatu. Baba akasema, "Jogoo wako kaenda kukaa kwa Mfalme." Sikumwuliza sehemu gani. Nilikuwa nimenuna. Baadaye akafa, na nani angepanda kutazama?

Yunshu anaijua hadithi hii. Nimemsimulia kila alipokataa kumaliza wali. Leo alikuza picha tu. Akakuza. Akakuza. Jemadari mmoja, wa tatu kutoka mashariki, uso mweupe. Ndevu nyeusi.

Ndevu zenye buluu.

Vipande vinne, vimepangwa kama manyoya. Na kwenye kipande cha mwisho, chini kabisa, koleo halikukata vizuri — limebaki tone jekundu. Mgongo wa jogoo.

"Mama," akasema, "ndiye?"

Ndiye. Miaka hamsini na nne yuko juu pale, kwenye kidevu cha jemadari, mvua yake, jua lake. Nililia mpaka Baba Yunshu akaja na upawa mkononi akidhani nimejikata. Alipotazama akasema, "Ndevu nzuri." Kwake yeye hayo ni hotuba.

Wanasema mashine zinatuharibia vya kale. Waje wanione mimi!

Ijumaa, 11 Novemba

Mdomo umeniponza.

Niliposti kwenye kundi la mtaa la simu. Watu mia mbili na zaidi wamo. Nilitaka kusema habari za jogoo, lakini picha yake haikutokea vizuri. Basi nikachukua ile ya chumba cha ndani, Mfalme ameketi, uso wake mweusi kwa moshi wa ubani, amejaa nukta nukta kama nyota. Inapendeza ajabu. Nikaandika chini yake:

Binti yangu amemwingiza Mfalme kwenye kompyuta!!! Atampeleka Taipei!

Nilimaanisha picha. Yeyote mwenye akili angejua ni picha!

Dakika tano hazikupita. Nani kamruhusu? Mfalme ametolewa bila kuombwa? Anakaa wapi sasa, hekaluni au kwenye betri? Mama mmoja wa uchochoro wa nyuma kasema pikipiki yake imekataa kuwaka tangu jana. Mwingine, mjukuu wake ana vipele. Wafugaji wa mwatiko wakakumbuka kwamba juzi usiku upepo ulikuwa baridi kuliko kawaida, na samaki wa bwawani hawapendi baridi. Yote ni Yunshu!

Nilifuta. Kufuta nako kukaonekana ni kuficha.

Jumamosi, 12 Novemba

Lori la Hong limepita mara nne. Limeongezwa maneno: eti kuna watu wanaokuja kutoka mji mkuu kumbeba Mfalme wetu kwenye sanduku. Hakutaja jina. Sanduku alilitaja.

Mzee Tiau amefunga lango la hekalu. Yunshu alienda saa kumi na mbili kama kawaida, akarudi saa kumi na mbili na robo. Bado hajapima boriti za juu, na ndizo zenye kesi yenyewe. Bila hizo hana la kuwaonyesha.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa akakata tangawizi, nyembamba, nyembamba, ndoo nzima. Tangawizi ya wiki.

Meza za kushoto tupu. Za kulia nusu.

Jumapili, 13 Novemba

Nimekaanga vitunguu. Sina la kuandika.

Jumanne, 15 Novemba

Ninalo sasa.

Asubuhi Kimlan alikuja na kofia yake ya kampeni. Akanishika mkono, akaniambia shoga yangu, Jumamosi nina mkutano uwanjani, Yunshu apande jukwaani aseme jinsi Hong anavyomwonea. Kura za huruma hizo, mwenzangu!

Nikamwuliza, ungekuwa na binti ungempandisha?

"Ningempandisha na ngoma!"

Nilimhamishia tishu zake zote kando ya ndoo ya magamba. Tumeachana hapo. Atarudi. Huwa anarudi.

Nikavua aproni nikaenda kwa Mzee Tiau. Nyumbani kwake, siyo hekaluni. Nilimchukulia uji kwenye chombo, na tumbo la mwatiko, ile sehemu yenye mafuta ambayo huwa namuuzia mtu ninayempenda. Nikamwambia yote. Kwamba aliyeandika ni mimi. Kwamba mwanangu hakumwingiza mtu mahali. Kwamba nilikuwa najisifu.

"Mama Yunshu, wewe kujisifu siyo habari," akasema. "Habari ni siku utakayonyamaza."

Nikanyamaza. Akala tumbo lote la samaki ndipo akasema tena. Wala hakuwa na hasira na mashine. Daktari akimpima yeye Tiau kwa mashine, anamkataza? Hamkatazi. Lakini daktari hubisha hodi mlangoni. Yunshu alipoingia chumba cha ndani, je, alijitaja?

Hapo ndipo nilipojua. Jamani! Mtoto wa mtaani kwetu, aliyebebwa hekaluni akiwa na siku thelathini! Kila anayesimama mbele ya Mfalme anajua: unataja jina lako, siku uliyozaliwa, unakoishi, ndipo unasema shida. La sivyo anajuaje ni nani anayeongea? Mfalme ana watu wengi. Hata Hong kabla ya kukupa tishu anakutajia jina!

Mzee Tiau alikuwa amemwachia uwanja akaenda kuchemsha maji. Alidhani kajitaja. Mwanangu akadhani ruhusa ya mzee inatosha. Kosa lote ndilo hilo. Aliingia bila hodi.

Jioni nikamwambia Yunshu aende akajitaje, aombe radhi kwa vibao. 

"Mama. Vibao viwili, kila kimoja kina pande mbili. Ni hesabu. Nusu kwa nusu."

Nikamwambia sijamtuma akaamini, nimemtuma akabishe hodi. Mbona mashine yake kila asubuhi inamwuliza jina na namba ya siri kabla haijamkubali, na hanuni?

Baba Yunshu akacheka. Kwa sauti! Hata paka aligeuka.

Alhamisi, 17 Novemba

Amekwenda. Nilimsindikiza mpaka kizingiti, nikabaki nje, maana hii ni yake.

Namwona mgongo tu. Amepiga magoti, amewasha ubani, anasema polepole kama anayejaza fomu. Ko Yunshu, mwaka fulani, mwezi fulani, nyumba namba fulani. Naomba radhi niliingia bila kubisha. Kisha vibao. Viwili vya mianzi, umbo la nusu mwezi, upande mmoja bapa, mwingine una kitambi. Kimoja bapa juu na kingine chini, ni ndiyo. Vyote bapa juu, Mfalme anacheka. Vyote bapa chini, hapana.

Alitupa. Vyote bapa juu! Anacheka.

"Anacheka nini?" Yunshu akamgeukia Mzee Tiau. Uso wake — nilimkumbuka akiwa darasa la kwanza.

"Hujasema kama na mashine inaomba radhi au wewe tu," akasema mzee. Sijui kama hilo limo kwenye utaratibu au alikuwa anamtania. Mwanangu akasema tena, yeye na mashine yake. Akatupa. Ndiyo. Akatupa. Ndiyo. Akatupa. Ndiyo!

Mara tatu mfululizo! Watu wanakesha na vibao hawaipati.

Lango limefunguliwa. Mzee Tiau mwenyewe alishika ngazi, magoti yale yale ya kampeni, jungu likapandishwa mpaka chini ya boriti. Mama wa pikipiki naye yuko uani, anatazama. Nilimwuliza pikipiki. Eti ilikuwa petroli.

Ijumaa, 18 Novemba

Leo mwanangu amefundisha mtaa mzima. Niandike taratibu nisiharibu.

Saa kumi jioni, uani kwa hekalu, chini ya turubai. Shuka langu jeupe la harusi limetundikwa ndilo skrini. Viti mia, vyote vimejaa, wengine wamekaa kwenye pikipiki zao. Hong mbele upande wa kushoto, mikono kifuani. Kimlan mbele upande wa kulia. Kati yao mimi na sufuria la uji, kama mpaka wa nchi.

Yunshu akalileta jumba shukani. Watu wakaguna. Akalivua paa, likabaki mifupa. Akaeleza kwa maneno ya kwetu, siyo ya chuo: nguzo ya mbele kushoto imeinama vidole vinne, basi. Imeinama kwa sababu jiwe chini yake limetitia upande mmoja. Ufa ule tunaouogopa uko kwenye lipu, haujafika kwenye mti. Mti mzima, nguzo na boriti. Jiwe likiinuliwa, nguzo itasimama. Aliyesema imechoka alitazama nje. Jungu limetazama ndani.

"Binti," Hong akasema, "fundi wangu ana miaka thelathini kwenye zege."

"Ndiyo, Mjomba. Na hii ni mbao."

Watu! Hata yeye mdomo ulimcheza.

Kisha Yunshu akasema kuna kitu kimoja hakijui ni cha nani, anaomba wakubwa wamsaidie. Akatupandisha kwenye boriti ya katikati, ile ya juu kabisa. Nyeusi tii, masizi ya miaka mia, hakuna aliyewahi kuona kitu pale. Lakini jungu halijali weusi, akasema, linajua kina. Patasi ilipopita, linajua. Akabonyeza, masizi yakaondoka shukani, na maandishi yakatoka. Yakatoka! Kama samaki anayepanda kupumua. Mwaka wa ujenzi. Jina la seremala mkuu. Na chini yake, dogo, la mwanafunzi wake: Hong fulani, wa mtaa huu, umri miaka kumi na saba.

 Lori lililopita barabarani likazima spika, sijui kwa nini.

Hong alisimama. Akasogea mpaka kivuli chake kikaanguka shukani, akajibanza pembeni asiyafunike maandishi.

"Babu," akasema. Siyo kwetu. "Kumbe ulisema kweli. Sisi tulidhani unajisifu."

Tuliona aibu kumtazama. Nikamchotea uji. Akaupokea. Kimlan akampa tishu — yenye sura ya Kimlan! — naye akajifutia.

Nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Alipomaliza uji akasema kwa sauti ya jukwaani: yeye ameshawaahidi watu jumba jipya, wazee wanaotambaa kwenye ngazi, wana wa nje wanaokuja na magari. Ahadi ni ahadi. Na jina la babu yake peke yake haliwezi kuamua mambo ya watu wote, angekuwa mtu wa namna gani? Jumapili Mfalme aamue.

Sikumpenda. Na nikamheshimu. Vyote kwa pamoja, sijui inawezekanaje.

Jumapili, 20 Novemba

Naandikia hapa hapa hekaluni, kwenye kigoda, daftari gotini. Sitaki kwenda nyumbani. Hakuna anayetaka.

Saa tatu wote tulikuwa ndani. Anayetupa vibao kwa mambo makubwa ni mshika chetezo wa mwaka, na mwaka huu mshika chetezo ni nani? Hong! Mfalme mwenyewe alimchagua mwezi wa kwanza. Kwa hiyo anayetaka kuvunja ndiye wa kuuliza kama libaki. Kimlan alinibana ubavuni, akasema atatupa kwa ujanja. Nikamwambia vya mianzi havina ujanja.

Alivaa joho la bluu. Akapiga magoti. Jina, siku ya kuzaliwa, anwani. Sauti yake ilikuwa kavu. Je, jumba hili la zamani libaki? Kama ndiyo, tupe mara tatu.

Ya kwanza: ndiyo.

Watu wakavuta pumzi. Nikaona mkono wake umelowa, akaufuta kwenye joho.

Ya pili: ndiyo!

 Yunshu alikuwa nyuma yangu. Nusu kwa nusu, alisema juzi. Leo alikuwa ameshika aproni yangu kwa nyuma, kama alivyokuwa akiishika zamani sokoni.

Ya tatu. Hong alivishika vibao muda mrefu. Midomo inacheza, hatusikii. Akavitupa.

Kimoja kikaanguka pale pale, bapa juu. Cha pili kikagonga tofali, kikaruka, kikaviringika mpaka karibu na mguu wa meza ya sadaka, kikayumba, kikayumba —

Kikasimama.

Kwa ukingo! Hakikulala huku wala huku. Hakikuegemea meza, vidole viwili vinapita katikati, Mzee Tiau alipima kwa macho, akakataza mtu asipime kwa mkono. Kimesimama wima sakafuni kama mtu anayesikiliza.

Mzee Tiau akapiga magoti hapo hapo. Maisha yake yote ameona hivi mara moja, akiwa na miaka kumi.

"Maana yake nini?" Kimlan.

"Sijui. Mwaka ule walibishana mpaka jioni."

Na sisi ndiyo tunabishana. Wengine: ni ndiyo kubwa kuliko ndiyo zote, acheni jumba! Wengine: siyo ndiyo siyo hapana, Mfalme anasema ninyi bado hamjaelewana, rudini mkaongee. Mama wa pikipiki: itupwe tena. Akazomewa. Mtu mmoja akauliza, hata kama itatupwa, ni nani wa kukiokota hicho?  Hakuna aliyejitokeza.

Basi tumekizungushia vigoda. Feni imezimwa. Watoto wametolewa nje. Tunatembea kwa vidole vya miguu. Saa nne, saa tano, saa sita. Baba Yunshu kaleta masufuria mawili, na leo hakuna meza za kushoto wala za kulia. Hong na Kimlan wamekaa kigoda kwa kigoda sakafuni, vikombe vya uji magotini, wote wanatazama kipande cha mwanzi. Kimlan anamwambia lifti ya nje, ya upande wa bustani, si inaweza kuwekwa bila kuvunja? Kwa magoti ya wazee? Hong anaendelea kunywa uji. Hamkatizi.

Karibu saa saba lori la kampeni likaja. Lake, namba moja. Tunalisikia kutoka mbali, spika zinapiga, na sakafu hii ya tofali inatetemeka lori likipita, sote tunajua. Kabla mtu hajasema kitu Hong alishatoka. Joho mkononi, soksi miguuni, miaka sitini na sita hiyo, anakimbia barabarani anapunga mikono, "Zima! Zima! Rudi nyuma!" Analifukuza lori lenye sura yake mwenyewe.

Kibao kiliyumba kidogo. Naapa kiliyumba. Kikabaki.

Na sasa Yunshu ameleta jungu, akipime kibao kilivyosimama. Mzee Tiau ametikisa kichwa kukubali. Ameliweka mbali, nyuma ya vigoda, miguu mitatu ameifunga vitambaa isikwaruze. Kidole kiko kwenye kitufe. Nilidhani atabonyeza.

Hakubonyeza. Amepiga magoti. Hakuna aliyemwambia, mimi sikumwambia, nipo hapa na kalamu yangu. Namsikia, chini kwa chini: Ko Yunshu. Siku aliyozaliwa. Nyumba ile ile aliyozaliwa, siyo ya Taipei. Na mashine yangu, anasema. Hodi.

Simu yangu iko mfukoni. Watu mia mbili na zaidi wamo mle. Sijaitoa.

Hong amerudi, soksi nyeusi kwa vumbi, anasimama mlangoni anaogopa kukanyaga. Kibao bado kimesimama. Yunshu anasubiri, kama anayesubiri kuambiwa karibu —